Kazi ya kiangazi kwenye visiwa vya mchanga Virginia: mmea unaokoa kisiwa au unakizamisha?

Binti_Chumbageni aliandika:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za saa hizi.

Niko mwaka wa kwanza wa uzamili hapa Marekani, kwetu Tanga. Profesa mmoja anayesomea mimea ya pwani amenichukua kwa kazi ya kiangazi kuanzia Juni, kwenye visiwa vya Virginia upande wa Atlantiki. Ni vile visiwa vyembamba vya mchanga vinavyokaa mbele ya bara kama baraza mbele ya nyumba: mbele bahari kuu, nyuma ghuba ya matope na vinamasi, kisha ndiyo bara. Hakai mtu. Nimeambiwa nitapima nyasi na vichaka, nitabeba vyuma, na nisilete viatu vizuri.

Nilipomweleza mama kwa WhatsApp alikaa kimya, kisha akaandika: "Yaani umepanda ndege mbili kwenda kuhesabu majani?" Sikuwa na jibu.

Lakini kinachonisumbua si mama. Profesa amenipa makala za kusoma, na nikielewa vizuri zinasema kwamba mimea inayoshika mchanga sawasawa inaweza kukiponza kisiwa. Mimi nimekulia kwenye hadithi ya Maziwe. Kila mtu wa Tanga na Pangani anaijua: kisiwa kilikuwa na mivinje na kasa wanataga, miti ikaondoka, kisiwa kikaondoka. Leo ni fungu tupu, maji yakijaa halionekani. Kwetu wimbo ni panda miti, panda miti. Hawa wanasema polepole na kupanda. Nani mkweli? Na kwa aliyewahi kufanya kazi hizo, siku yenyewe inakuwaje?

Msafiri_Richmond aliandika:

Mdogo wangu, mimi sijui nyasi ila najua kupe. Huko Virginia kuna kupe mwenye doa jeupe mgongoni, akikuuma unaweza kupata mzio wa nyama nyekundu. Si utani. Jamaa yangu mmoja sasa kwenye nyama choma anakula kachumbari. Vaa soksi ndefu, chomeka suruali ndani ya soksi, na uonekane mshamba kwa amani.

Baharia_Pangani aliandika:

Marahaba binti. Msafiri kasema kweli kuhusu kupe, mengine ngoja nikueleze mimi, kwa sababu visiwa hivyo nilivifanyia kazi misimu miwili nikiwa mwanafunzi, na mgongo wangu bado unakumbuka. Leo nafanya shughuli nyingine kabisa, lakini ukinitajia Hog Island nanusa matope.

Nianze na siku yenyewe. Mnaondoka na boti kutoka kijiji kinaitwa Oyster, na saa ya kuondoka haipangwi na profesa, inapangwa na maji. Hili wewe mtoto wa Tanga utalielewa siku ya kwanza kuliko wenzako waliotoka Ohio. Ghuba ya nyuma ni pana lakini ina kina cha kitoto, maji yakipwa inabaki mifereji na uwanda wa matope. Sisi siku moja tulichelewa kama nusu saa kwa sababu mtu alisahau betri, tukakwama juu ya fungu kuanzia alasiri mpaka usiku, watu wanne, maboksi ya sampuli na mkate mmoja. Nahodha wetu alikuwa mwanafunzi kama sisi, anajua kompyuta vizuri sana. Nilimwambia kwetu hata mtoto wa darasa la nne angekuambia leo ni bamvua, usicheze. Tangu siku hiyo jedwali la maji nilishika mimi.

Mkifika mnatembea. Mnapita matuta ya mbele, mnashuka kwenye bonde kati ya matuta, mnapanda tuta la zamani, mnaingia vichakani, mnatokea kwenye kinamasi cha nyuma. Kila baada ya hatua kadhaa unaweka chini fremu ya mraba iliyotengenezwa kwa bomba la plastiki, unapiga magoti, unahesabu kila shina lililo ndani: aina gani, mangapi, marefu kiasi gani. Mwenzako anaandika. Kisha mnapima kimo cha ardhi, mnachungulia maji kwenye visima vidogo vya bomba, mnaendelea. Jua la Julai, mchanga unachoma, na ndani ya vichaka hakuna upepo hata wa kuzimia kibatari. Huko kuna mmea wa majani matatu matatu unaotambaa kila mahali. Ukiugusa utaukumbuka upupu wa nyumbani kwa mapenzi. Nguo ulizoingia nazo zifue peke yake.

Sasa swali lako, na hili nalipenda, kwa sababu Maziwe nilikiona kwa macho yangu nikiwa mtoto, au nadhani nilikiona. Nilipopata akili kilikuwa kimeshakuwa fungu.

Pale kwenye matuta ya mbele kuna nyasi inaitwa Ammophila. Piga magoti uitazame kabla hujaihesabu. Mmea wa kawaida ukiufukia unakufa. Huu ukifukiwa ndiyo kwanza unachangamka: upepo unaleta mchanga, majani yanaupunguza mwendo, mchanga unaanguka miguuni pake, na shina linanyoosha shingo kupita juu ya mchanga uleule. Hata ukifukiwa karibu mita moja kwa mwaka unaweza kutokeza. Siku moja kulikuwa na ukingo uliokatwa na dhoruba, tuta limepasuliwa kama mkate, na ndani unaona mashina ya miaka iliyopita yamepangana ghorofa juu ya ghorofa, kila ghorofa na mizizi yake iliyokauka. Nilikaa pale nikasahau kuhesabu. Tuta zima lilikuwa ni nyasi iliyokataa kuzikwa. Na mchanga ukikoma kuja, nyasi hiyohiyo inadhoofika.

Mwenzake ni Spartina wa matutani, mwembamba, amelala, hana haja ya kujenga mlima. Anaishi pale ambapo bahari ikichafuka inavuka kisiwa na kumwaga mchanga upande wa pili. Akifukiwa kidogo anaotea juu na kuweka nchi tambarare, kwa hiyo dhoruba ijayo inapita tena palepale. Unaona? Nyasi mbili, na kila moja inajenga kisiwa cha aina yake. Mmoja anasema "hapa hupiti", mwingine anasema "pita, lakini acha mchanga".

Na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kisiwa cha namna hii hakikai, kinahama. Bahari inakula mbele, dhoruba zinabeba mchanga juu ya mgongo wake na kuutupa nyuma kwenye ghuba, kisiwa kinajiviringisha kurudi bara, kama mtu anayekunja mkeka upande mmoja na kuukunjua mwingine. Ukiinua ukuta wa matuta mrefu, hata wa nyasi, mbele kunaendelea kuliwa lakini nyuma hakupati chakula. Kisiwa kinakonda.

Hili si la kubuni. Kusini zaidi, North Carolina, miaka ya 1930 serikali iliweka vijana wasio na kazi kujenga uzio na kupanda nyasi kwenye Outer Banks, visiwa vya mchanga vya namna hiyohiyo, wakainua matuta marefu yasiyokatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanaekolojia Paul Godfrey akalinganisha sehemu hiyo na Core Banks, jirani yake iliyoachwa bila kushikwa. Kule kulikoachwa, bahari ilivuka, mimea ikafukiwa, ikaota tena, na kisiwa kikawa kinajipa kimo na upana. Kule kulikojengwa ufuo ulikuwa unabanwa kati ya bahari na tuta. Mwaka 1973 idara ya hifadhi za taifa ikaacha kazi ya kushikilia matuta hayo. Fikiria ujasiri wa kusema hadharani kwamba kazi ya miaka arobaini ilikuwa inasukuma upande usio sahihi.

Lakini usichukue hiyo ukaipeleka Maziwe, maana utaharibu. Maziwe ni lundo la mchanga juu ya mwamba wa matumbawe, katikati ya maji, halina ghuba ya nyuma ya kurudi. Hog Island inapohama ina pa kwenda. Maziwe ikisogea inaanguka ukingoni. Kwa hiyo mivinje ya Maziwe kushikilia mchanga, na matuta ya Outer Banks kushikilia mchanga, si jambo moja ingawa linafanana. Swali la kumuuliza profesa wako siku ya kwanza ni hili: kisiwa hiki kina nafasi ya kurudi nyuma kiasi gani? Ukimuuliza hivyo atajua hakuchukua mtu wa kubeba vyuma tu.

Mswahili_Shela aliandika:

Assalaam alaykum. Nawafuata kutoka Lamu, nyumba yetu i chini ya matuta ya Shela. Huku kwetu tuta si habari ya nyasi, ni habari ya maji. Mji wa Lamu unakunywa kutoka visima vya Shela, na ukisikia mtu anataka kujenga juu ya matuta jua anataka kujenga juu ya mtungi. Baharia, umesema mnachungulia maji kwenye mabomba. Hayo maji ni matamu au ya chumvi? Na mimea inayajua?

Binti_Chumbageni aliandika:

Ahsante sana kaka Baharia, nimesoma mara mbili. Nyongeza ya swali la Mswahili: kuna kichaka wanakiita Morella, makala nusu nzima zinakihusu. Kwa nini kichaka kimoja kinapewa heshima hiyo?

Baharia_Pangani aliandika:

Wa alaykum salaam ndugu yangu wa Shela. Jambo ni lilelile. Mvua inazama kwenye mchanga, na maji matamu kwa kuwa ni mepesi yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Katikati ya kisiwa tabaka ni nene, pembeni linakonda. Bonde kati ya matuta liko karibu na maji hayo, kwa hiyo mizizi inayafikia. Juu ya tuta haifikii kirahisi. Tofauti ya kimo ambayo wewe ukipita huihisi hata mguuni, mmea unaihisi. Ndiyo maana tulikuwa tunapima kimo mpaka kichefuchefu. Nilionja maji ya kisima kimoja, profesa hakupenda, yalikuwa matamu yenye ladha ya majani yaliyolowa. Baada ya dhoruba kisima hichohicho kilikuwa hakinyweki.

Sasa binti, Morella. Hapa ndipo utakapopoteza ngozi ya mikono, basi mjue vizuri.

Ni kichaka cha majani mabichi mwaka mzima, ukiyafikicha yananukia. Kwanza, kama mpapai, kuna dume na kuna jike. Pili, matunda yake ni vipunje vilivyopakwa nta. Wakoloni wa zamani waliyachemsha wakatengeneza mishumaa. Ndege wengi nta hiyo haiwasaidii, lakini yupo mmoja mdogo mwenye doa la njano kiunoni anayeweza kuisaga, na huyo ndiye mpandaji mkuu: anakula kichaka hiki, anatua kule, anaacha mbegu. Tatu, na hapa utacheka, kwenye mizizi yake kuna bakteria wanaoitwa Frankia, wanaokamata nitrojeni ya hewani na kumlisha mwenyeji wao kwenye mchanga usio na rutuba. Unajua nani mwingine anayekaa na Frankia mizizini? Mvinje. Mvinje wetu huuhuu. Ndiyo siri iliyomsaidia Haller, yule mtaalamu wa kilimo wa kiwanda cha saruji pale Bamburi, Mombasa, alipoanza mwaka 1971 kupanda kwenye machimbo ya mawe ambayo hata magugu yalikuwa yameyakataa. Nilipoelezwa hilo nikiwa nimekaa kwenye mchanga wa Virginia nilimwambia mwalimu, "Huyu namjua, ni ndugu yake na mti wa nyumbani." Si ndugu wa ukoo wa karibu, lakini kazi ni moja. Hata tabia ni moja: nenda chini ya mvinje ukatafute kitu kingine kilichoota. Morella naye akifunga, nyasi chini hazioni jua.

Wanaekolojia wa chuo kikuu kule Richmond, Donald Young na baadaye Julie Zinnert, wamemfuatilia kwa miaka mingi, na mpango mzima wa utafiti wa muda mrefu kwenye visiwa hivyo ulianza mwaka 1987, kwa hiyo kuna kumbukumbu za kulinganishia. Walipopitia picha za setilaiti za kuanzia 1984 hadi 2011 wakakuta vichaka vimeongezeka kwa takriban asilimia 40, wakati nchi kavu ya visiwa yenyewe inapungua. Soma hiyo tena polepole. Nyumba inapungua, kabati linaongezeka.

Kwa nini? Baridi. Morella si mtu wa baridi kali, na majira ya baridi ya pwani ile yamelegea. Kisha kichaka chenyewe kikishasimama kinajitengenezea joto: ndani yake usiku wa baridi si mkali kama kwenye nyasi za nje, miche inanusurika, kichaka kinapanuka. Ndiyo kusema hali ya hewa ilifungua mlango, kilichobaki kilijifanyia chenyewe.

Na hilo linarudi kwenye swali lako la kwanza. Kichaka kilichofunga ni ukuta. Bahari inayovuka inakwama, mchanga haufiki nyuma. Kinamasi cha nyuma kinapata nafuu, hakifukiwi, kisiwa kinaonekana kimetulia. Mpaka mmomonyoko wa mbele ukifikie kichaka chenyewe. Chumvi inakiua kinasimama kikiwa mifupa, mizizi inaachia. Utaviona ufukweni, mashina meupe yamesimama ndani ya mawimbi. Nilikuwa nikiviona nakumbuka mivinje ya kwetu inayolala kifudifudi kwenye mchanga, mizizi hewani, watoto wameigeuza farasi.

Msafiri_Richmond aliandika:

Kumbe mtu anaweza kuandika yote hayo kuhusu kichaka. Sasa mzee, kama hakuna mtu anayeishi huko, hasara ni ya nani?

Fundi_OBX aliandika:

Niingie hapo maana mimi ndiyo naishi kwenye hasara. Nipo Outer Banks mwaka wa sita, nafanya matengenezo ya nyumba za kupangisha watalii. Rodanthe nyumba zinaanguka baharini, si hadithi, tangu 2020 zimeshapita kumi. Siku ya kwanza nilidhani ni tetemeko: nguzo zimebaki, nyumba inaelea kama kasha la soda, na kesho yake ufuo umejaa misumari, magodoro na vyombo vya choo kwa maili kadhaa. Barabara yetu kuu moja tu, namba 12. Bahari ikivuka, mashine zinakuja kusukuma mchanga na kuurudisha upande wa bahari, kila mara. Sasa nikisoma ya Baharia naelewa kwamba ule mchanga tunaoulaani asubuhi ndiyo chakula cha kisiwa, na sisi tunakinyang'anya sahani. Lakini nitapitaje kwenda kazini?

Ule mnara wetu wa taa wa Hatteras nao ulihamishwa mwaka 1999. Mnara mzima wa matofali, wa 1870, ukasukumwa kwenye reli karibu mita 900 kuingia ndani.

Baharia_Pangani aliandika:

Fundi, umemjibu Msafiri kuliko mimi. Niongeze kimoja tu. Hog Island haikuwa tupu siku zote. Kulikuwa na kijiji, Broadwater, kina kanisa, shule, makaburi, kwenye msitu wa misonobari. Dhoruba ya Agosti 1933 iliwafikia, maji yakapita kijijini na msituni. Watu wakaanza kuhama, na hawakuziacha nyumba: walizipandisha kwenye matishari wakavuka nazo ghuba, wakaziweka Willis Wharf na Oyster. Baadhi zipo mpaka leo. Palipokuwa na kijiji sasa ni bahari.

Tulipokuwa tunashuka kwenye boti jioni, miguu matope, tulikuwa tunapita mbele ya nyumba za namna hiyo. Za mbao, za kawaida, mtu amekaa barazani anakunywa bia. Mwenzangu alinionesha moja akasema hiyo ilizaliwa kisiwani. Kwetu nyumba ya udongo na mawe huwezi kuihamisha. Bahari ya Pangani ilipokaribia nyumba ya bibi, tulihamisha mlango. Mlango wa mninga, na bibi akalala nyumba nyingine yenye mlango mzuri kuliko kuta zake.

Haya binti, ya mwisho ya vitendo. Viatu: vya zamani vya kufunga kamba, vya kutumbukiza vitabaki kwenye matope. Chupa mbili za maji, si moja. Penseli, si kalamu, kalamu hazipendi unyevu. Ndege wa ufukweni wanataga juu ya mchanga mtupu mwezi wa Juni, mayai yana rangi ya mchanga. Tembea palipowekwa alama. Na jedwali la maji kupwa na kujaa kariri wewe mwenyewe, usimwachie mtu.

Mswahili_Shela aliandika:

Mola awahifadhi. Hiyo ya kabati kuongezeka nyumba ikipungua nimewasomea wazee barazani, wamecheka, kisha wakanyamaza.

Binti_Chumbageni aliandika:

Nashukuru sana wote. Nimemtumia mama habari ya kichaka chenye dume na jike kama mpapai. Amejibu haraka safari hii: "Na dume utamjuaje kama hata jike hajazaa?" Kaka Baharia, mama anauliza, na mimi pia.

Baharia_Pangani aliandika:

Mwambie mama shikamoo, na swali lake ndilo lilitugombanisha msimu mzima. Mahali pa kutazama ni maua, nayo hutoka majira ya kuchipua, Juni umechelewa. Juni jike utamjua kwa vipunje vya kijani vilivyobana kwenye tawi, chini ya majani, si nchani, kwa hiyo inua tawi. Usipoviona usiandike dume. Huenda ni jike mchanga, au jike aliyepumzika mwaka huu. Weka alama ya kuuliza, funga utepe kwenye shina, andika namba ya utepe, na mtu mwingine atapita hapo Aprili ijayo.